Bega la Kushoto la Ruqayya

Malindi, Jumatatu, 7 Aprili 2025

Mwanangu Ruqayya,

Assalaam alaykum. Mimi sijambo, ila goti lina maneno yake. Wewe je? Baridi ya huko Marekani, hapo Brooklyn Center, imelegea? Mumeo Abdulswamad hajambo?

Nimeandika kwa kalamu, na Kendi wa duka la simu ndiye atakayepiga picha akutumie. Nikirekodi sauti mumeo atasikia. Isome peke yako.

Jana kwenye video dera lilikuteleza, nikaona bega lako la kushoto. Limevilia damu, limekuwa zambarau. Ukalivuta dera mbio. Mbona mbio, mwanangu? Mtu akijigonga huonyesha, tena hutaka apewe pole.

Ndoa yako ina miezi saba tu. Niambie kweli.

Mama yako, roho juu


Brooklyn Center, 8 Aprili

Mama mpenzi,

Waalaykum salaam, na shikamoo. Sisi wazima, Abdulswamad anakusalimu. Theluji imeyeyuka, sasa ni matope tu. Goti lipake mafuta ya moto.

Usiogope, mama, ni bunduki tu. Abdulswamad huwinda bata mzinga wa porini, na mimi najifunza. Jumamosi tulienda kulenga shabaha. Bunduki ikilia hurudi nyuma ikampiga mtu begani. Dera nililivuta kwa sababu nilijua utapiga kelele. Naingia shifti hotelini, nitakueleza vizuri siku nyingine.

Mwanao Ruqayya


Malindi, 10 Aprili

Mwanangu,

Salaam nyingi. Afya yangu iko vile vile, na usingizi ndio umenihama.

"Ni bunduki tu." Umesema kama mtu asemaye ni mbu tu! Na huko si kuku huuzwa wameshachinjwa, wameshakatwa? Nani aende porini kumvizia bata?

Nimekwenda kwa Mzee Solomon, yule askari mstaafu. Jina lako sikulitaja. Nikamwuliza bunduki hushikwaje. Akachukua fimbo yake, akasimama katikati ya uwanja: kitako bega la kulia, jicho la kulia. Bega lako lililovilia ni la kushoto. Na wewe ni mtu wa mkono wa kulia, nimekulea mimi, usinifundishe.

Sasa sikiliza jambo ambalo sijawaambia nyinyi. Kabla ya baba yenu niliolewa Takaungu, miaka miwili. Mkono uliponivimba nilimwambia mama ng'ombe amenibana zizini. Akanitazama, akasema, "Basi mfunge vizuri huyo ng'ombe." Mpaka anakufa hakuniuliza mara ya pili.

Mimi nauliza mara ya pili.

Nimemwambia kakako Hussni atoke huko kwake mji wa Eagan aje akuchukue. Usimgombeze, ni mimi niliyemtuma.

Mama yako


Malindi, 19 Aprili

Ruqayya mwanangu,

Salaam. Siku tisa hujajibu. Hussni naye namwuliza kama amefika kwako, ananijibu "mama, subiri." Nisubiri nini? Simu yako nani anaishika? Kama huwezi kuandika, nitumie hata kitone kimoja, nitajua uko hai.

Mama yako


Brooklyn Center, 21 Aprili

Mama,

Shikamoo. Niko hai, nina afya, simu naishika mwenyewe. Nilikasirika, ndiyo maana nilinyamaza, na Hussni nilimkataza kukujibu kabla yangu. Nisamehe, tisa ni nyingi.

Hussni alikuja Jumamosi ya tarehe kumi na mbili na begi tupu la kupakia nguo zangu. Hata viatu hakuvua. "Nimekuja kumchukua dada yangu." Abdulswamad akasema, "Umpeleke wapi, shemeji? Sisi tunatoka kwenda kulenga. Njoo nawe, ukitoka huko umpeleke utakapo." Hussni akanitazama usoni. Nikamwambia twende.

Mama, juu ya bunduki kuna kioo kidogo, ndani yake mna nukta nyekundu. Nukta inapokaa ndipo risasi zinapotakiwa ziende. Lakini kioo kipya na bunduki havijazoeana. Unatundika karatasi iliyochorwa kichwa na shingo ya bata mzinga, unapiga, unaenda kutazama chembe za risasi zimeangukia wapi, zile ndogo kama mtama, unageuza skrubu kidogo, unapiga tena. Mwisho unarudi nyuma hatua arubaini. Baruti yake ni nyingi, na ile Jumamosi ya kwanza nilipiga mara kumi na moja.

Na kushoto ni kwa sababu hii. Nilipoweka bega la kulia nukta sikuiona, naona miti tu. Abdulswamad akadhani betri imekufa. Mzee mmoja wa pale akanijaribu macho, akasema jicho lenye nguvu ni la kushoto, hamisha. Nikahamisha, nukta ikatulia shingoni mwa bata. Mkono ulijua kazi bila kufundishwa. Hapo nikakumbuka, mama: mimi ningali mdogo, mkono wangu wa kushoto umefungwa kwa leso yako ya manjano mpaka nijue kula kwa kulia. Wewe umesahau. Hata mimi nilikuwa nimesahau.

Abdulswamad hajawahi kuninyanyulia mkono. Ya Takaungu sijamwambia, wala sitamwambia. Nimelia nilipoyasoma.

Hussni alipiga tatu kwa bega la kulia. Mwambie avue shati.

Mwanao


Malindi, 24 Aprili

Mwanangu Ruqayya,

Assalaam alaykum. Leo nimelala mpaka jua likaniingia chumbani, na goti limeninyamazia.

Hussni amevua shati kwenye video. Bega limeiva, na analalamika kama mtoto aliyetoka kudungwa sindano. Mwanamume mzima, risasi tatu! Nimecheka, kisha nikalia.

Leso nilikufunga mimi, kweli. Bibi yako alisema mtoto wa kushoto haolewi, nami nikaogopa. Kula, endelea kula kwa kulia, hilo silirudishi. Hayo mengine shika kwa mkono unaoutaka.

Mkwe wangu nitamwomba radhi mwenyewe, kwa video, nawe ukae pale pale nikuone uso. Na akimlenga huyo bata, asome Bismillahi kabla ya kufyatua.

Hussni ananiambia ndege hao wana msimu, ukiisha bunduki huwekwa ndani. Niandikie tarehe. Nitaiandika ukutani kwa mkaa. Kuanzia siku hiyo, nikiona alama nitauliza tena.

Mama yako