Nati ya Njano Nyuma ya Injini

Jumatatu, 3 Machi

Injini imetoka! Saa nne na robo asubuhi, bila kukwaruza hata bampa. Winchi ililia, moyo wangu ukalia zaidi, lakini imetoka. Mzee alikuwa kwenye kigoda chake mlangoni mwa gereji, fimbo mapajani, anatoa amri kana kwamba ndiyo kwanza nashika spana. Polepole. Kushoto. Kushoto kwako, siyo kwangu! Mwanamke wa miaka arobaini na sita, wateja wananiita Mama Spana, na bado baba yangu ananionyesha kushoto ni wapi.

Gari hili limenizidi umri. Limelala miaka sita kwa sababu injini ilikuwa inavuja mafuta kila pembe. Sasa macho ya baba yanafifia, daktari kamwambia asitegemee mengi, na yeye ameomba jambo moja tu: akae kiti cha mbele, aione barabara kupitia kioo kile kile, angali anaiona. Nani angekataa?

Injini imekwenda kwa mchonga silinda, itarudi Ijumaa ya wiki ijayo. Mpaka hapo nina nafasi ya kufikia kila kitu ambacho injini ikiwa ndani hakifikiki. Klachi na beringi yake. Mipira inayoshikilia injini – imepasuka yote, aibu tupu. Hozi za hita. Waya zilizobabuka. Kuosha shimo lote la injini, kupiga msasa, kupaka rangi. Paipu za breki. Nimeandika kwenye kipande cha boksi na kukibandika ukutani. Mzee akaomba nimsomee. Nikasoma. Akasema umesahau kebo ya mwendo. Kweli nimesahau!

Jumanne, 4 Machi

Klachi imekwisha kabisa, pleti yake imebaki nyembamba kama karatasi ya daftari. Sijui lilikuwa linatembeaje. Kwa heshima ya Mzee, labda.

Mchana, tukiwa na chai, akasema niangalie breki vizuri, maana najua yule alivyotufanyia. "Yule" ni mdogo wangu, Mrefu. Mzee hajamtaja kwa namna nyingine miaka kumi na tisa. Nikajibu ndiyo, baba. Huwa najibu hivyo hivyo. Ndiyo baba, nikavuta kikombe.

Injini hii imetoka mara moja tu kabla ya jana, miaka hiyo kumi na tisa nyuma. Tulikuwa watatu gerejini. Breki Mzee alimpa Mrefu. Wiki moja baada ya kurudisha injini, Mzee akashuka na gari mteremko, pedali ikazama mpaka chini, akaingia ukuta wa daraja. Kifundo cha mguu wa kulia kikasagika. Akiwa bado hospitali, fundi wa jirani akapitisha paipu mpya upande wa pili, ya zamani akaiacha huko huko nyuma ya injini, kwani kuifikia ni kazi. Na Mzee aliporudi na fimbo, akamwambia Mrefu aweke spana chini. Mrefu alisema neno moja tu: sawa. Akaondoka. Sasa yuko mji mwingine, anatengeneza malori.

Alhamisi, 6 Machi

Ni njano.

Nimeosha ule ukuta wa bati nyuma ya shimo, grisi ya miaka, nikafika kwenye ile paipu ya zamani. Nati ya kiungo inazunguka kwa vidole. Kwa vidole! Na juu yake rangi ya njano.

Siandiki zaidi leo.

Ijumaa, 7 Machi

Niandike, maana hakuna mwingine wa kumwambia.

Kwa Mzee, ukikaza nati unaipaka mstari wa rangi, ili ijulikane imekazwa na nani. Mrefu alikuwa nyekundu. Mzee nyeupe. Njano mimi. Nati zote za breki za wakati ule zina nyekundu, nimezikagua moja moja jana na leo tena, nikitumaini sijui nini. Moja tu ndiyo njano. Ile iliyolegea.

Na nimekumbuka. Si kwamba nimekumbuka – nadhani sikuwahi kusahau, niliifunika tu vizuri. Mrefu alikuwa amekwenda dukani kununua mafuta ya breki. Nikasema nimsaidie kiungo kile cha nyuma. Nikakishika kwa mkono, nati ikashika uzi, nikawa natafuta spana namba kumi. Mzee akawa anakuja. Na mimi, badala ya kutafuta spana, nikachukua brashi nikapaka njano. Nilitaka aione! Nilitaka aone binti yake kamaliza kazi kabla ya kijana wake. Alitazama, akaitikia kwa kichwa, akasema vizuri. Kichwa kikanivimba. Nikasema nitakaza akishapita. Sikukaza. Nilipaka kabla ya kukaza, kosa ambalo hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza anachapwa maneno kwa ajili yake.

Mzee alipopata ajali, niliwaza ile nati. Ndiyo, niliwaza. Mara moja, pale hospitali, kwenye benchi la nje. Halafu mtu akasema breki alifunga nani, mwingine akasema Mrefu, na mimi nikanyamaza. Nikajiambia hakika niliikaza. Nikaendelea kujiambia mpaka nikaamini. Mama alikufa akimuulizia Mrefu, nami nikawa nambembeleza: atakuja, mama, hasira za Mzee zitapoa.

Nimekosa pa kuuweka uso wangu.

Jumamosi, 8 Machi

Wateja wawili. Betri, na pancha. Mmoja akanisifia mbele ya Mzee: Mama Spana, kazi yako haina wasiwasi. Mzee akacheka kwa fahari. Nikajitia kutafuta kitu chini ya meza.

Jumapili, 9 Machi

Gereji imefungwa leo, nimekwenda peke yangu. Nilijidanganya kwamba nakwenda kupima waya.

Nilichukua thina na kitambaa. Sitatafuta maneno mazuri. Nilikwenda kuifuta. Nikafuta nusu. Njano ikatoka kwenye kitambaa kirahisi kabisa, baada ya miaka kumi na tisa. Nikaona mkono wangu na kile kitambaa, nikajiona mwizi. Nikaacha. Siyo kwamba nina roho nzuri. Niliogopa tu kwamba nikimaliza, nitakuwa mtu aliyemaliza.

Kitambaa nimekichoma nyuma ya gereji. Hata hilo nimelifanya.

Jumatatu, 10 Machi

Fundi wa rangi amekuja kupaka shimo la injini. Mtu wa maneno mengi, brashi ya maneno anaitumia zaidi kuliko ya rangi. Akauliza hii paipu ya zamani aing'oe au aifunike na rangi tu, nyeusi juu kwa juu, hakuna atakayejua ipo. Hakuna atakayejua! Nikamwambia aiache. Akauliza sababu. Nikamfokea, nikasema nani mwenye gereji hapa? Maskini kafunga mdomo saa nzima, jambo ambalo halijawahi kutokea tangu nimjue.

Mzee akauliza mbona nimekuwa mkali. Nikasema kichwa kinauma. Akasema pumzika, mama, usijiue kwa ajili ya gari langu. Akiniita mama hivyo ndiyo naumia zaidi.

Jumatano, 12 Machi

Mipira mipya imefungwa. Hozi za hita nimebadilisha zote nne. Kebo ya mwendo pia. Mikono inafanya kazi yake, haina habari na mimi.

Leo nimepiga moyo konde, nikampigia Mrefu.

Neno lake la kwanza: "Dada? Kuna msiba?"

Hapo ndipo nilipojua mimi ni dada wa namna gani. Nampigia misibani tu. Nikasema hapana, tuko salama, Mzee mzima, ila Jumamosi narudisha injini ya gari lake na nahitaji mikono. Nikasikia nyundo zikigongwa huko kwake. Akauliza, "Mzee anajua unaniita?" Nikasema anajua. Uongo. Akasema atakuja na basi la alfajiri.

Nilikuwa nimepanga kumwambia kwenye simu. Nikamwuliza watoto hawajambo.

Ijumaa, 14 Machi

Injini imerudi. Inang'aa, sili zote mpya, haina hata tone. Nimefunga klachi.

Nikamwambia Mzee kwamba Mrefu anakuja kesho. Nilitarajia fimbo igonge sakafu. Akauliza tu atafika saa ngapi. Nikasema saa tatu. Baadaye akaniomba nimletee shati lake la mistari. La kazi gani, kesho ni siku ya grisi! Akasema niliwekee tu hapo.

Jumamosi, 15 Machi

Niko stoo. Nimesema nakuja kutafuta boliti za gia boksi. Boliti ziko mfukoni mwangu. Naandika kwa haraka, mapajani, mwandiko unakimbia.

Mrefu alifika saa tatu kasoro. Mvi! Mdogo wangu ana mvi. Alisimama mlangoni mwa gereji kama mgeni, mpaka Mzee akageuza uso kumtafuta, maana kwa mbali haoni tena. Mrefu akasema shikamoo baba. Mzee akasema marahaba. Akasema sogea nikuone. Akamtazama kwa karibu, akasema umekonda. Basi, hayo tu, na mimi nikageukia winchi nisionekane uso.

Tukainyanyua injini. Ikiwa inaning'inia, Mrefu akasema ngoja nitazame pa kuiweka. Akainama ndani ya shimo. Hakuinuka. Nikajua amefika. Nikainama naye, vichwa karibu kugongana, kama tulivyokuwa tunafanya wadogo.

Alikuwa ameweka kidole juu ya nati.

"Umeifuta nusu," akasema. Taratibu, Mzee asisikie.

Nilitaka ardhi inimeze. Nikamwuliza anajua ni nini. Akasema anajua tangu siku ile ile. Aliporudi na mafuta ya breki aliiona njano, injini bado iko nje. "Nikajua basi, dada kashaikaza. Yangu nilikuwa naikagua mara mbili. Ya kwako sijawahi kuikagua hata siku moja."

Nikamwuliza kwa nini hakusema. Miaka kumi na tisa, Mrefu, kwa nini hukusema!

"Umesahau alichokwambia Mzee ulipoanza kazi? Kosa moja tu, unarudi ndani kwa mama yako. Mimi spana ningeipata popote. Wewe, mwanamke, wakati ule, nani angekupa?"

Nikamwambia nitamwambia Mzee leo, sasa hivi. Akanishika mkono, mkono wa grisi juu ya mkono wa grisi. Akasema hapana. Mzee ana macho ya miezi michache, na wa kumwendesha ni mimi, na atalipandaje gari akijua? Akasema futa iliyobaki, tushushe injini, yaishe. Anasema kweli kabisa, hana kinyongo, na hilo ndilo linaloniua. Angenitukana ningejua la kufanya. Alilipa yeye, na bado ananibebea. Nami kwa sekunde moja nilifurahi. Niliposikia "yaishe" nilifurahi. Nimeandika.

Ndiyo nikaja huku stoo. Kitambaa ninacho. Chupa ya thina iko hapa miguuni.

Nawasikia. Mzee anamwuliza habari za malori, kama breki za upepo ni ngumu. Mrefu anaeleza. Mzee amecheka! Kicheko kidogo, kikaisha katikati, kama mtu aliyekumbuka kwamba alikuwa amekasirika. Halafu akaendelea kuuliza. Nikitoka na kusema, nitamrudishia kijana wake kwa haki, au nitamvunja mguu mara ya pili? Na nisiposema, kicheko kile anampa Mrefu kama msamaha. Anamsamehe kwa kosa langu. Mrefu ataupokea, ataitikia asante baba, na mimi nitakuwa nimesimama pale pale nashika mnyororo wa winchi.

Fimbo inagonga sakafu. Anatembea. Anasema kabla haijashuka anataka kupaona mwenyewe huko nyuma, palipofungwa breki. Mrefu anasema hakuna cha kuona, baba, pamepakwa rangi tu, kaa tusije tukakuangushia chuma. Mzee anasema gari ni lake. Anasema anasogea karibu kabisa, jicho la kushoto bado linaona. Anaomba tochi.

Tochi iko hapa stoo, kwenye rafu, usawa wa macho yangu.

Ananiita. Mara ya pili sasa: mama, lete tochi.

Mrefu kamjibu haraka, kwa sauti kubwa ya kunifikia mimi: "Tochi haina betri, baba."

Inazo. Nimezitia mwenyewe jana.