Kole Yangu, Mujukuu Wangu

Siku ya tano ya juma, magaribi. Mvua imekatika, lakini ziwa liko na matope mpaka mbali, na roho yangu vilevile.

Masomo yangu iliishia mwaka wa tatu, sifichi. Lakini kwa viatu sina mwalimu. Hapa Nyamianda, kiatu nilichobandika minye mwenyewe hakifunguki. Hata watu wa Luvungi wananiletea vyao, wanapita mafundi wote wa njiani.

Nimeshika kole, ile gundi ya viatu, miaka makumi nne. Pua yangu haisikii tena harufu yake. Na nilikuwa najisifia hiyo.

Makopo nilikuwa naweka mu chumba anamolala mujukuu wangu Furaha, mwenye miaka kumi na tano. Mama yake, binti yangu, analima mupunga Bwegera. Alimuleta kwangu juu ya masomo.

Jirani yangu, muuza ndagala, vile visamaki vya ziwa, alikuja mara mbili kuniambia mutoto ananuka kole hata siku ya kanisa. Nilimujibu: “Weye unanuka ndagala, nani amekusemea? Nyumba ya fundi inuke maua?” Watu walicheka. Siku ile nilijiona mutu.

Kole ikawa inaisha mbio, nikamuita muuzaji mwizi. Furaha akaanza kutoka damu mu pua, kucheka peke yake, kusahau alichotumwa. Nikasema ni malaria.

Siku ya pili ya juma hii, asubuhi, nilimukuta ameanguka karibu na kitanda, mufuko wa plastiki wenye kole mukononi.

Tulimukimbiza hospitali. Daktari anasema kuvuta ile hewa ya kole kunaharibu ubongo, na kunaweza kusimamisha moyo hata kwa mara ya kwanza. Wake haukusimama. Lakini mikono inatetemeka, kijiko kinamushinda.

Mama yake amefika. Anasema ni watoto wa sokoni ndio walimupa kole. Wana wangu wa kiume wanataka kwenda kesho kuwatafuta na fimbo. Binti yangu akaniuliza kama nilijua kitu.

Nilinyamaza. Minye, mwenye nasemaka kupita redio.

Leo mama yake alipotoka kuteka maji, Furaha alinivuta shati, akasema pole pole: “Babu, sijamuambia mama kama ni kole yako.”

Hana nguvu ya kushika kijiko, na bado ananifunika minye.

Kesho, kabla wana wangu hawajachukua fimbo, nitasema mwenyewe. Mudomo ukikataa, nitamupa binti yangu hii telefone ninamoandikia, asome.