Machozi Niliyoyapangia Wakati

Mpendwa Skola, mwenzangu tangu tukichota maji,

Sijui uko wapi, kwa hiyo barua hii naiacha wazi, ipite mkono kwa mkono hadi ikufikie. Akiisoma mtu mwingine kabla yako, aisome tu. Yaliyomo nimeyaficha vya kutosha.

Unalikumbuka lile daftari langu la jalada la bluu, nililotembea nalo mwezi mzima kama karani wa kijiji? Ulikuwa mwaka wa pili tangu serikali ituhamishie kijiji kipya cha Rungwe Mpya, nyumba zimepangwa mstarini, nami nikataka harusi yako ipangike vivyo hivyo. Uliponichagua niwe msimamizi wako nililala na furaha, nikaamka na kalamu. Nani abebe sanduku la nguo, nani achuje pombe ya ndizi. Saa ngapi lori la Mzee Juma mwenye duka litoke Kasulu mjini kuja kukuchukua, likupeleke kanisani, kisha Kibondo kwa mumeo. Ulinicheka sana. "Edita, siku nikifa nitaomba wewe ndiye upange mazishi."

Hata kulia nilikupangia. Kwetu bibi harusi akiondoka kwao na macho makavu, watu husema hana haya, alikuwa na haraka ya mume. Na wewe hukuwa mtu wa machozi, ulijaliwa kicheko. Basi nikaandika: "Kulia: bibi yake Skola akishabariki, kabla ya kupanda lori." Tukafanya mazoezi nyuma ya nyumba, wewe umejifunika kanga unaomboleza, mimi nakusahihisha, "Punguza, utakauka koo," mpaka tukaanguka chini kwa kucheka. Ndiyo siku ninayoikumbuka kuliko zote, na ndiyo inayoniuma kuliko zote.

Kwa sababu asubuhi ya harusi ulilia kabla ya wakati wake.

Tulikuwa jikoni, wawili tu. Nilikuwa nakupaka poda. Machozi yakaanza kushuka kimya kimya, bila kanga, bila maombolezo. Ukaniambia kwa Kiha, ingawa siku zile tulipenda kujionyesha kwa Kiswahili cha shule. Ulisema ulipopelekwa Kibondo kuwasalimu wakwe, ulimwona mchumba wako akimpiga dada yake kofi kwa kuwa chai ilinuka moshi. Dada mtu akaokota kikombe, akaomba radhi, na mle ndani hakuna aliyeinua macho.

"Namwogopa, Edita. Sitaki kwenda. Mwambie mama. Mimi ataona nadeka, wewe atakusikiliza."

Nilijua haya si machozi ya mazoezi. Nilijua palepale. Lakini nikawaza padri, nikawaza wapishi, nikawaza watu wa Kibondo waliokwisha kutandika mikeka. Nikawaza daftari langu, Skola. Kuliandika neno hili kunanifanya niinuke kitini, nizunguke chumba, nikae tena. Nikakuambia, "Kila bibi harusi hulia. Nyamaza, poda inaharibika." Nikakufuta uso, nikakupaka upya.

Ukanyamaza. Saa ya kulia ilipofika, bibi yako ameshabariki, macho yako yalikuwa makavu kabisa. Shangazi zako wakaanza kunong'ona, nami nikakufinya mkono ili ulie. Nilikufinya kweli. Kanisani padri alipokuuliza kama umekuja kwa hiari yako, uligeuka ukanitazama kabla ya kujibu. Mimi nikainama kukunyooshea shela. Baadaye nikatia sahihi kwenye kitabu cha kanisa, shahidi wako, kwa mwandiko wangu mzuri. Watu walinipongeza kwamba hakuna kitu kilichochelewa.

Kibondo nilikutembelea mara moja tu. Ulinikaribisha vizuri, hukunilaumu kwa neno wala kwa jicho. Jua lilikuwa kali nawe umevaa mikono mirefu. Ulionja chai mara mbili kabla ya kumpelekea mumeo. Mimi nikasifu mapazia.

Mwaka wa tatu wa ndoa ulipotoroka, fedheha yote ilimwangukia mama yako. Aliulizwa amelea binti wa namna gani, na mwisho akaapa jina lako lisitajwe nyumbani kwake. Lakini kabla ya kuapa aliniita. Akaniuliza, mbele ya shangazi zako, kama uliwahi kuniambia neno lolote. Nikasema labda ulisema, ila lori lilikuwa linanguruma uani, sikusikia vizuri. Wote wakatikisa vichwa wakinihurumia. Lori la watu likanibebea dhambi yangu miaka yote hii.

Wiki iliyopita binti wa jirani alikuja na daftari jipya, akaniomba nimsimamie harusi yake. Eti kijiji kizima kinanisifu kwa kupanga. Nililiacha daftari mezani nikaenda moja kwa moja kwa mama yako.

Nilimkuta barazani akichambua maharage. "Mwakeye, mama," nikamwamkia, halafu nikamweleza yote kabla sijapata nafasi ya kuogopa: chai, kofi, poda, na jinsi ulivyosema ataona unadeka. Aliendelea kuchambua mpaka ungo ukabaki mtupu. Kisha akauliza, "Na lori je, Edita?"

Nikainamisha kichwa. Akaelewa.

"Mwandikie," akasema. "Mwambie hapa ni kwao. Na hayo uliyonificha, mwambie nimeyajua." Kisha akalitaja jina lako, mara mbili, taratibu, kama mtu anayejaribu kama bado analiweza.

Basi nakuandikia. Sikuombi msamaha, sitaki kukutwisha na huo. Rudi umwone mama yako. Kama hutaki nionekane siku hiyo, nitumie salamu tu kwamba umefika, nami nitabaki ndani. Binti wa jirani nimemwambia nitamsimamia, lakini kwanza atakaa jikoni kwangu, mlango umefungwa, nimuulize mara moja tu kama anataka kwenda.

Asubuhi ile nilikusikia, Skola. Nilisikia kila neno. Lori lilikuwa bado halijafika.

Ni mimi, niliyetakiwa kukusimamia,
Edita