Punguzo la Bi Kijani

Nyumba ya uani, nyuma ya ghala la nafaka,
Jumapili, tarehe 14.

Mpendwa wifi yangu,

Salamu nyingi zikufikie huko uliko, wewe na shemeji na wanao wote. Natumaini kile kikohozi kimekuachia na kwamba kitinda mimba wako ameshaota meno. Sisi huku hatujambo kiasi. Mama anatembea vizuri na mkongojo wake, na bado anaonja mchuzi wangu kisha anatikisa kichwa. Watoto wanakula na kuchana sare. Mimi ni mzima, ila roho ndiyo haijatulia.

Nimesema "kiasi" kwa sababu kaka yako haoni vizuri kwa jicho la kushoto. Usishtuke, si upofu, na la kulia ni zima kabisa. Nakuandikia haraka kwa sababu najua utayasikia kwa rafiki yako wa shule, yule muuza vipimo vya wajenzi, na sitaki ayafikishe yeye kwanza. Inatosha aliyonitangulia.

Kisa ni njiwa. Tangu ghala lipandishiwe paa jipya, njiwa wamehamia humo kama waliolipa kodi. Wanalala juu ya boriti, na wanayoyadondosha yanaishia kwenye magunia. Mteja mmoja alirudisha mzigo mzima wa unga, na tajiri akamwambia kaka yako: njiwa watoke, au mtunza ghala atoke. Yeye na vibarua wa ghala wamegonga makopo, wamerusha kandambili, wamepiga mbinja. Njiwa wanasogea kidogo, wanarudi.

Ndipo ukampigia simu ukamweleza habari za tochi ya leza ya kijani, kwamba ukiupitisha ule mwanga kwenye boriti karibu na miguu yao, wanauona kama fimbo na kuruka bila kuumia. "Nenda kwa rafiki yangu," ukamwambia. Wifi, ungepungukiwa nini ungesema "nendeni"?

Akaenda. Alinyoa ndevu kwanza. Kaka yako, mtu wa kunyoa kwenye harusi na msiba tu, alinyoa ili akanunue tochi! Akarudi mdomo umejaa maneno ya yule mwanamke, nami siku hiyohiyo nikambandika jina la Bi Kijani. Hata watoto sasa wanamwita hivyo.

Yule mama anasema macho yetu yanauona mwanga wa kijani mkali kuliko mwekundu wa nguvu ileile, kwa hiyo huna haja ya kukimbilia tochi kubwa kupindukia. Yule mama anasema usiyaamini maandishi ya sanduku, maana zile za bei ya kutupa huandikwa nguvu ndogo na kutoa kubwa, tena huvujisha na mwanga mwingine usioonekana kwa macho. Yule mama anasema chukua yenye ufunguo, mtoto akiiokota isiwake. Yule mama anasema mwenye mfuko mdogo anunue kwanza miwani ya kinga, halafu kitakachobaki ndicho kimchagulie tochi. Usimulike mtu, usimulike gari wala ndege za abiria, usimulike kitu kinachong'aa. Tulikula maharage na maneno ya yule mama, tukanywa chai na maneno ya yule mama. Mimi miaka yote namwambia afunge mlango wa jiko paka asiingie, hajashika hata neno. Yule alisema mara moja tu, naye akakariri kama mtoto anayesubiri mtihani.

Lakini kilichonichoma hasa ni punguzo. Alinisimulia kwa majigambo kwamba Bi Kijani atampa tochi na miwani kwa karibu nusu ya bei. Wifi, mimi nauza nguo za watoto kibarazani, punguzo nalijua. Mteja akinililia sana nampunguzia kidogo, na bado usiku najuta. Nusu bei haipewi mteja.

"Amekupunguzia kwa lipi?" nikamuuliza.

"Roho yake nzuri tu, mama watoto."

"Roho nzuri inalipa pango la duka?"

Akacheka. Kosa lake likawa hilo. Nikamwambia tochi ya yule mwanamke haiingii kwangu, na kama njiwa wamemshinda, mimi nitampatia tochi. Niliona gere, wifi, sina haja ya kukuficha. Niliona gere mpaka chakula kikawa hakipiti.

Nikaenda sokoni, nyuma ya kituo cha mabasi, kwa kijana anayeuza chaja na redio juu ya turubai. Tochi yake ilikuwa rahisi kuliko hata ile nusu bei. Sandukuni imeandikwa nguvu ndogo, lakini akaninong'oneza kwamba hayo ni maandishi ya forodha tu, ndani ni moto. Akatoboa nayo mfuko mweusi wa plastiki mbele ya macho yangu, nami badala ya kukimbia nikapiga makofi. Haikuwa na ufunguo, ina kitufe basi. Akanipa na miwani ya bure, nichague ya rangi ya machungwa au ya kijani. Nikachagua ya kijani. Mwanga wa kijani, miwani ya kijani. Nililinganisha kama mtu anayelinganisha kitambaa cha kichwa na gauni, na nikajiona mjanja.

Kaka yako alipoiona alisita. Akaigeuzageuza, akaanza, "Lakini yule mama alisema..." Hakumaliza. Nilimwambia kama macho yake anayaamini kwa yule tu, basi ahamie dukani kwake akalale juu ya vipimo. Akanitazama kidogo, akaivaa ile miwani, akatoka. Nataka ulijue hili, wifi: hakudanganyika. Aliivaa ili nyumba itulie.

Asubuhi hiyo nilimfuata ghalani nione ushindi wangu. Na njiwa waliruka kweli, boriti ya kwanza, ya pili, wakatoka kwenye tundu la juu wakigongana. Nikawa nashangilia mlangoni. Akafika boriti ya mwisho, ambako mafundi wa paa walikuwa wamesahau kipande cha bati jipya, linang'aa kama sinia. Mwanga ukapiga bati ukarudi. Alisema "ah" moja tu, kama mtu aliyemwagiwa maji. Akaketi juu ya magunia, akavua miwani, akaanza kupepesa. Akasema kuna doa na halitoki.

Daktari wa macho alimchungulia kwa muda mrefu. Alisema pameungua huko nyuma, ndani ya jicho, pale hasa panapoonea vitu tunavyovikazia macho. Doa linaweza kupungua, linaweza kubaki, na hakuna dawa ya matone ya kulisafisha. Akataka kujua tochi ina nguvu kiasi gani hasa, lakini hana chombo cha kuipimia. Mji mzima huu, wifi, kipimo cha mwanga anacho nani? Anacho Bi Kijani.

Nikavaa gauni langu la kutokea nikaenda, tochi na miwani mkobani. Nilitaka awe na maringo nipate pa kumshikia. Hana. Nilitaka angalau awe mbaya wa sura, na hilo nalo nikakosa. Ana penseli kichwani na vumbi la chaki mikononi, na alipolisikia jambo la jicho alikaa chini bila kuangalia kiti kiko wapi. Nikaona jinsi alivyohuzunika, na huzuni yake nayo nikaionea wivu. Ni mume wangu, alie yeye kwa lipi?

Alipima. Alisema inatoa mara nyingi zaidi ya ilivyoandikwa. Kisha akachukua ile miwani ya kijani, akaupitisha mwanga wa tochi yake ndogo ndani ya kioo chake. Doa la kijani likatokea ukutani vilevile, kama hakuna kitu njiani. Akaweka miwani yake ya machungwa, doa likazimika.

"Kioo kinaonekana cha kijani kwa sababu kinaipitisha kijani," akasema taratibu. "Na hata ya machungwa, kama haina namba za mwanga inaouzuia, hiyo ni urembo, dada yangu."

Aliniita dada yangu. Nikamuuliza nililokwenda nalo: ile nusu bei ilikuwa ya nini? Akainama, akachezea penseli. Akasema haikuwa yake. Ile nusu uliilipa wewe, wifi, ukamwomba asiseme.

Ungefikiri donge lingeshuka. Lilihama tu. Niliyekuwa namwonea gere hakuwa na kosa, na wa kuonewa gere ni wewe. Mimi ndiye ninayemsuka mama yako nywele, mimi ndiye ninayefua shati la kaka yako la vumbi la unga. Halafu una msaada wa kuleta na unaupitisha dukani, kimyakimya, kwa rafiki yako, kama vile mimi ningeula njiani. Ulitaka kumtunzia heshima yake, nimeelewa, mwanaume hapendi kulipiwa na dada yake. Lakini ungeniambia mimi. Ningelijivuna hilo punguzo kibarazani, na miwani ya machungwa ningemvalisha kwa mikono yangu.

Tochi yenye ufunguo nimeichukua, na miwani yake. Nimelipa bei kamili. Bi Kijani alisema si lazima, nikamwambia ni lazima, na nusu yako iko kwake ukiitaka. Ile ya sokoni ametoa betri zake akaifungia kabatini. Kaka yako nilimwambia habari za pesa jioni ileile, sikutaka Bi Kijani aendelee kulala na sifa isiyo yake.

Sasa njiwa nawafukuza mimi. Asubuhi nafunga mlango, nabandika karatasi nje mtu asiingie, nafunika kila kitu kinachong'aa kwa magunia, navaa miwani, nageuza ufunguo, namulika boriti kidogokidogo nazima. Wamebaki wachache, wale wakaidi. Tajiri ameridhika na kazi ya kaka yako ipo.

Jambo la mwisho, kisha nikuache. Juzi tumekaa sebuleni, kaka yako akaziba jicho la kulia kwa kiganja, kama anavyofanya kila siku kupima lile doa. Alikuwa amenielekea mimi. Akasema anaona nywele, anaona mabega, ila uso haupo. Alisema kwa upole tu, kama anayesema mvua haijanyesha. Nikaenda jikoni nikalia hadi nikachoka.

Nikanawa, nikarudi. Nikamuuliza, na Bi Kijani alipokuja kukujulia hali, ulimtazama kwa jicho hilo? Akasema ndiyo, alijaribu. Na uso wake? Akasema nao haukuwepo. Wifi, Mungu anisamehe, nilipata nafuu.

Nisalimie shemeji, wasalimie wanao, na Shangazi Mkubwa akipita kwako mwambie magoti ya mama yanaendelea vizuri. Mama anakubariki, na watoto wanakuulizia. Mola akuhifadhi huko ugenini na akurudishe salama, tugombane ana kwa ana.

Wako akupendaye, pamoja na yote,

Mke wa kaka yako.