Godoro la Kuponya Mgongo

Kaka, usicheke. Najua utacheka.

Nimetoka kwa daktari wa mgongo sasa hivi. Kaninyanyua mguu kidogo tu, nikapiga yowe hadi nesi akachungulia mlangoni.

Kumbe diski ya uti wa mgongo imetokeza, inabana mshipa wa fahamu. Nilishajiona nimelazwa napasuliwa. Akasema hapana, wengi hupona kwa dawa za maumivu na mazoezi. Ikigoma, sindano. Upasuaji ni mwisho kabisa.

Si ningenyamaza hapo! Nikauliza, "Na godoro gumu, si linarudisha diski mahali pake?"

Akanitazama. "Godoro halirudishi diski. Nani kakudanganya?"

NANI KAKUDANGANYA, kaka! Mimi! Si ndio wimbo ninaomwimbia kila mteja anayeingia dukani kwangu?

Akaendelea: "Hata mama yangu, mgonjwa kama wewe, kauziwa uongo huohuo na jamaa mmoja mwenye maneno matamu."

Nikasikitika kabisa: "Watu wana roho mbaya, daktari."

Akaniuliza kazi yangu. Nikasema mwalimu.

Jumatatu naanza mazoezi. Ya kikundi, kaka. Kaniambia nisiwe na wasiwasi, mama yake atakuwepo, atanielekeza.