Wimbo Nilioupokea kwa Mjomba Tarald

Kristiania, 9 Machi 1894

Mdogo wangu Aslaug,

Salamu nyingi. Mimi sijambo, ila kikohozi changu cha kila majira ya baridi. Mjomba Tarald je, na mguu wake? Jibini ya mbuzi ilifika salama, nikaimaliza peke yangu.

Ndani ya kifurushi kuna kitabu cha muziki. Ni ule wimbo wa harusi alionipigia Mjomba kwa fidla kiangazi kile. Nimeuandika upya kwa ajili ya okestra nzima. Ulipopigwa hapa mjini, ukumbi ulifurika. Magazeti yanasema hatimaye Norwe imesikia sauti yake yenyewe. Mwonyeshe Mjomba.

Kaka yako,
Halvdan

Telemark, 2 Aprili 1894

Kaka Halvdan,

Sisi hatujambo, ila mguu wa Mjomba humsumbua theluji ikianza kuyeyuka. Pole na kikohozi.

Mjomba alivaa koti la kanisani, akamwita mwalimu amsomee kitabu. Wakakipekua mara mbili. Jina lako lipo, la mchapaji lipo. Mjomba akasema, "Labda langu limeandikwa kwa herufi ndogo. Mwalimu, vaa miwani yako vizuri."

Kaka, hapa kwetu mpiga fidla hainui upinde kabla hajasema wimbo ameupokea kwa nani. Wewe mwenyewe Mjomba alikuzaba kofi kwa kusahau, ukiwa na miaka saba. Nimjibu nini?

Mdogo wako,
Aslaug

Kristiania, 20 Aprili 1894

Mdogo wangu,

Natumaini mu wazima. Tafadhali mweleze Mjomba polepole. Sisi Wanorwe tuko chini ya mfalme wa Uswidi, na tunahitaji kitu ambacho kila mtu atasema ni chetu. Wimbo ukiwa na jina la mzee mmoja wa bonde moja, unabaki kuwa wa bonde hilo. Ukikosa jina, unakuwa wa taifa. Tena mchapaji alikosa nafasi. Toleo la pili nitalirekebisha.

Kaka yako,
Halvdan

Telemark, 1 Oktoba 1896

Kaka,

Tu wazima, isipokuwa Mjomba. Toleo la pili tumeliona; jina la Mjomba bado halimo.

Jumamosi palikuwa na harusi kwa jirani. Mjomba akasimama, akataja kama kawaida kwamba wimbo aliupokea kwa baba yake, Babu Bjug, akaupiga. Mgeni mmoja wa mjini akamwambia, "Mzee, huo ni wa Halvdan Røynstad. Lakini umejifunza vizuri."

Mjomba akalegeza nyuzi, mmoja baada ya mwingine, akaifungia fidla sandukuni. Tangu hapo chakula anakigusa tu.

Aslaug

Kristiania, 12 Februari 1897

Mdogo wangu Aslaug,

Pole kwa msiba. Habari za mazishi ya Mjomba nilizipata kwa kasisi, si kwako, na sikustahili zaidi ya hapo.

Ile habari ya mchapaji ilikuwa uongo. Majina yao, Tarald na Bjug, niliyaandika mimi mwenyewe juu ya ukurasa wa kwanza. Kisha nikayakwangua kwa kisu, nikiogopa wataniita mnakili tu. Hoja ya taifa niliitafuta baadaye.

Juzi, kabla okestra haijaanza, nilisimama nikasema wimbo nimeupokea kwa Tarald, aliyeupokea kwa Bjug. Ukumbi mzima ukasimama kunipigia makofi. Gazeti la leo linasifu unyenyekevu wangu.

Kasisi anasema fidla ni yangu kwa urithi. Usiniletee. Na yeyote atakayezikaza nyuzi zile, asiwe mimi.

Kaka yako, kama bado unaniita hivyo,
Halvdan