Uzi wa Zeze la Baba

Jumatatu, 5 Agosti 1974
Utumbo wa nne wa mbuzi, wa kutengenezea uzi wa zeze, umekatika. Nimeuloweka kwenye maji ya majivu kama kitabu kinavyosema, nimeukwangua kwa kisu, nimeuanika juani. Umekatika kama tambi. Baba yuko chumba cha pili, kifua kimembana. Anataka kulisikia zeze lake kabla hajafa. Waya wa breki ya baiskeli ameukataa. Anasema unapiga kelele, hausemi. Nami ndiye ninayewatukana watu magazetini kwa kuabudu vitu vya kiwandani. Aibu.

Jumanne, 6 Agosti
Sikwenda kwenye kikao cha kijiji. Nimezunguka Iyula nzima kuwauliza wapigaji wa zamani. Wote jibu moja: "Sisi tulipiga tu, Mwalimu." Nimerudi nachemka. Shangazi, dada yake baba, akacheka. "Umewauliza waliopiga. Waliofua matumbo mtoni umewauliza? Vitabu kabati zima, na bado unanuka mavi ya mbuzi!"
Kumbe wanawake ndio waliosokota nyuzi. Akasema majivu na kisu ndivyo vinavyoharibu. Nikambishia. Nikamsomea ukurasa. Akachukua kitenge chake, akaenda zake.

Alhamisi, 8 Agosti
Baba hanywi hata uji. Nimekwenda kumwomba shangazi radhi. Heri kuandika makala kumi. Amekuja hapo hapo. Maji ya mto tu. Tumeukwangua utumbo mpya kwa kijiti cha mwanzi. Kisu huacha majeraha usiyoyaona. Ameusokota ukiwa mbichi, akauning'iniza kivulini, jiwe chini yake kuunyoosha. Siku tatu.

Ijumaa, 9 Agosti
Baba anakoroma kila akivuta pumzi. Nilitaka kuukausha uzi motoni. Shangazi akanipiga mkono. "Uzi ukimkatikia masikioni, utamwambia nini?" Nikampigia kelele. Nikauacha.

Jumamosi, 10 Agosti
Baba amefariki alfajiri. Uzi bado mbichi. Ningenyamaza Jumanne, jana ungekuwa tayari. Nimezoea kutafuta wa kulaumu. Safari hii sina wa kumwandikia gazetini.

Jumapili, 11 Agosti
Tumemzika. Uzi umekauka. Shangazi aliufunga, akanipa zeze mbele ya waombolezaji. Sijui kupiga. Nimeugusa mara moja. Sauti nzito, ya polepole.
"Ndiyo yenyewe," shangazi akasema, akarudi kwenye karai lenye matumbo ya mbuzi wa msiba. Nimekunja mikono ya shati, nikakaa karibu naye.